Natafuta rejeta ya kubadilishia kwenye gari la kujiundia (mfano wa Lotus Seven, injini ya Sierra), msaada wakuu

MtotoWaTanga_UK

Wakuu habari za saa hizi. Niko Coventry huku Uingereza, nina kagari kangu ka kujiundia, yale ya mfano wa Lotus Seven, chasisi ya bomba za mraba, pua ya faiba, matairi ya mbele yako nje nje, mlango hakuna, paa hakuna. Ilijengwa miaka ya 90 na mzee mmoja kwenye gereji ya nyumbani kwake, alinunua Ford Sierra iliyooza bodi akaichinja, kwaiyo injini ni ile Pinto 2.0 ya kabureta, giaboksi ya Sierra, difu ya Sierra, usukani wa Sierra, yani kila kitu Sierra kasoro rejeta.

Na rejeta ndo imeniletea kizaazaa. Inavuja pale tanki la plastiki la pembeni linapobanwa na alumini. Siyo kwamba inamwaga, inatoa jasho tu, ila nikitoka mizunguko nikizima injini naona mvuke unafuka puani na ile harufu tamu tamu ya kulanti (dawa ya rejeta inayochanganywa na maji), asubuhi nakuta doa la kijani sakafuni. Nataka nibadilishe kabla haijanipasukia barabarani.

Tatizo lenyewe sasa, sijui imetoka kwenye gari gani. Haina lebo, haina namba, kampuni iliyouza hiyo kit (seti ya vipande vya kujiundia) ilishafungwa siku nyingi, na mzee aliyeijenga nilivyompigia akasema "nadhani ilikuwa gari ya Wafaransa, au Wataliano". Ya Sierra yenyewe haiingii, ni pana mno. Na ukienda duka la spea huku kitu cha kwanza wanakuuliza ni namba ya usajili, wanaiingiza kwenye kompyuta inawatolea gari. Sasa yangu inaanzia na herufi Q, zile wanazopewa magari ya kuungaunga ambayo umri na asili yake haieleweki, kompyuta inakaa kimya, kijana wa kaunta ananiangalia mimi namwangalia yeye.

Kwaiyo maswali mawili. Mtu anatafutaje rejeta ambayo haina gari? Na kuna gari gani lenye rejeta ndogo fupi inayoweza kutuliza Pinto 2.0? Halafu nisisahau, kwenye foleni geji inapanda mpaka karibu na nyekundu, nikitembea inashuka yenyewe. Sijui kama ni hiyo rejeta au ni jambo lingine.

Fundi_Gerezani

Mkuu salama. Mimi niko Dar, kazi yangu ni rejeta na silensa, Pinto nimezifanyia sana enzi za Cortina na Sierra zilipokuwa nyingi mjini.

Kwanza kabisa usinunue kitu bado. Hayo matatizo yako ni mawili tofauti usiyachanganye. Kuvuja ni kuvuja, plastiki imezeeka na ule mpira wa katikati ya plastiki na alumini umekauka, kwisha. Ila gari linalochemsha kwenye foleni halafu likipata upepo linapoa, hilo rejeta yake mara nyingi haina neno, tatizo ni feni au upepo unapitia wapi. Likichemsha ukiwa kasi ndo uanze kuisema rejeta, imeziba ndani au ni ndogo, au ule mpira wa chini wa kupitishia maji unanywea kwa mvuto wa pampu kwa sababu hauna springi ndani. Sasa ukinunua rejeta mpya ya bei ukaifunga na feni ile ile na matundu yale yale, foleni itakuchemsha vilevile halafu utakuja kusema rejeta mpya ni feki.

Kuhusu kuitengeneza hiyo ya zamani, sisi huku tunafungua yale meno ya alumini taratibu na bisibisi, tunatoa tanki la plastiki, tunaweka mpira mpya, tunayabana tena. Inafanya kazi kama plastiki yenyewe haijapata ufa. Ila meno hayo hayapendi kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, yanakatika. Na tafadhali usije ukamsikiliza mtu wa kukwambia mimina yai au manjano au zile dawa za kopo za kuziba. Zinaziba kweli, zinaziba mpaka zile njia nyembamba ambazo maji yalitakiwa yapite, na hita pia.

Msee_wa_Grogan

Buda hiyo gari ni moto, weka picha tuone!!

Hapa Nairobi hiyo swali yako ni ya kila siku juu watu wa off-road hakuna gari yao iko na spea ya dukani. Zile gari za Rhino Charge, ile mashindano ya off-road huku Kenya, ukiziona karibu, engine ya hii, axle ya ile, na zingine rejeta imewekwa huko nyuma kabisa juu mbele inagongwa na mawe na kuziba nyasi. Hakuna mtu ataenda Kirinyaga Road aseme "nataka rejeta ya gari yangu". Anaenda na kipande ya kadibodi amekata saizi ya nafasi yenye iko, anazunguka nayo duka baada ya duka akiipima juu ya zile rejeta zimepangwa ukutani. Yenye inakaa, ndio hiyo. Ikikosa anaenda kwa mtu wa kuchomelea aluminium anaundiwa.

Kwa hivyo jibu langu, wachana na jina ya gari. Tafuta saizi.

BabaZuwena_Leicester

Msee wa Grogan amemaliza kila kitu hapo. Mtanga uko karibu na mimi kabisa, mimi niko Leicester na nimejenga ya Locost, ile ya kuchomelea chasisi mwenyewe toka bomba la kwanza, kwaiyo hilo gonjwa lako nalijua.

Siri ni hii. Watengenezaji wa rejeta za mbadala kama Nissens, Valeo, NRF na wengine, katalogi zao zinaandika vipimo vya kila rejeta kwa milimita. Upana, urefu na unene wa kori, yani ile sehemu ya mapezi na vibomba bila kuhesabu matanki. Utakuta kitu kama 430 x 322 x 34. Wewe pima nafasi yako, halafu tafuta kwa hizo namba tatu badala ya kutafuta kwa jina la gari. Ukipata namba ya katalogi inayoingia, basi hiyo namba ndo umpe kijana wa kaunta, hatakuuliza tena gari gani na ile Q yako haina kazi hapo. Na siku nyingine ikiharibika unayo, iandike kwa rangi kwenye chasisi chini ya boneti ili hata atakayenunua gari baada yako asije akapata tabu uliyoipata wewe.

Wengi wetu wa Locost tumeishia kwenye rejeta ya VW Polo za zamani kwa sababu ni fupi, inalala kwa upana na matanki yako pembeni, inaingia puani vizuri, na zilitengenezwa nyingi sana kwaiyo hata mpya ya mbadala haiumizi mfuko. Mimi yangu ni hiyo na injini ni ya lita mbili pia. Kori ni 430 kwa 320 hivi ila matoleo ni mengi usiniamini mimi, iamini tepu. Gari zetu hizi hazifiki hata kilo 700, injini ya Sierra ilikuwa inavuta bodi nzima ya zaidi ya tani na familia na mizigo, huku kwetu inakaa kama iko likizo, haihitaji rejeta kubwa kama ile.

Ukipima uangalie mambo haya. Nafasi kutoka kushoto kwenda kulia pamoja na matanki, maana kori ya 430 ukiongeza matanki inafika 520 na kitu. Kimo, ukikumbuka rejeta unaweza kuilaza kidogo kama pua ni fupi. Kina kutoka kwenye rejeta mpaka kitu cha kwanza cha injini, hapo utoe unene wa feni. Na mabomba yake, makubwa kiasi gani na yako upande gani. Mabomba ukiona yote mawili yako upande mmoja usiogope, ila hakikisha ndani ya tanki kuna kizuizi kinachoyalazimisha maji yaende upande wa pili yarudi, bila hicho maji ya moto yanaingia juu yanadondoka chini yanatoka hayajapoa kitu.

MtotoWaTanga_UK

Aisee asanteni sana, hii ya katalogi sikuijua kabisa. Nimelala chini ya gari jioni yote mgongo unauma lakini namba ninazo. Kati ya vyuma viwili vya chasisi nina 540. Kimo 370 kabla sijagusa faiba. Kina ni 130 kutoka uso wa nyuma wa rejeta mpaka puli ya injini. Kori iliyopo ni 460 x 310 na unene 23. Mdomo wa thamostati (ile inayofungua njia ya maji injini ikipata joto) na wa pampu vyote ni 38 kwa nje, wa rejeta ya sasa ni 32, mzee alikuwa amesokomeza mpira juu ya mpira akabana na klampu mbili mbili.

Nilipotoa pua nikaona kitu. Rejeta imekaa katikati na pande zote mbili kuna upenyo ambao mkono wangu unapita mzima. Na feni iko mbele ya rejeta, ndogo kama sahani ya chai, imefungwa na zile taipu za plastiki za kufungia nyaya, zimepita katikati ya mapezi.

Mkuu wa Gerezani nadhani hapo umenipata.

Fundi_Gerezani

Nilijua tu. Upepo mkuu ni mvivu, hauwezi kujisumbua kupenya mapezi wakati pembeni kuna mlango umeachwa wazi. Gari likiwa kasi upepo ni mwingi kwaiyo ule unaobaki unatosha, kwenye foleni ndo hamna. Ziba hizo pande zote mbili na juu na chini, kata vipande vya alumini nyembamba, ukingoni weka raba au sponji ngumu ili upepo wote ulioingia mdomoni pa pua usiwe na pa kutokea isipokuwa kwenye rejeta. Hii kazi ni ya bati na riveti, karibu na bure, na ndo itakupunguzia nyuzi nyingi kuliko rejeta yoyote utakayonunua.

Halafu hizo taipu zitoe leo. Gari linatikisika, plastiki inasugua kibomba taratibu mpaka kinatoboka. Nimeletewa rejeta za namna hiyo tele, kitobo kimoja kidogo katikati kabisa pale pale taipu ilipopita.

chuma_cha_pua

Mnamzungusha bure jamaa. Ingia eBay nunua rejeta ya alumini yote ile ya mbio, tanki za kuchomelea, nene milimita 50, funga maliza. Rejeta nene inapoza zaidi hiyo ni fizikia tu. Na hizo za shaba za zamani watu wanazisifia bure, alumini ndo mpango.

Fundi_Gerezani

Fizikia ipi kijana wangu. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko alumini, karibu mara mbili hivi, hiyo ndo fizikia ya darasani. Alumini inashinda kwa sababu nyingine, ni nyepesi na vibomba vyake vinaweza kufanywa vipana kwaiyo eneo la kugusana na upepo linakuwa kubwa. Na unene nao una mwisho wake. Upepo ukipita milimita za mwanzo umeshapata joto, ukifika nyuma ya kori nene unaenda kupoza maji kwa hewa ya moto, na kori nene inaukaba upepo wenyewe usipite. Kwa gari lenye kafeni kadogo na foleni, kori nene inaweza kuwa mbaya kuliko nyembamba. Uso mkubwa kwanza, unene baadaye.

BabaZuwena_Leicester

Niongezee kwa chuma cha pua, siyo kwamba za alumini yote ni mbaya, nzuri zipo, na kuna mafundi huku wanaokuundia kwa kipimo chako ila unalipa paundi mia kadhaa. Zile za bei ya kutupa kuna zinazokuja na welda nzuri na kuna zinazokuja na welda kama imepigwa na mtu aliyefumba macho, huwezi kujua mpaka ifike. Mtanga kwa hizo namba zako ile ya 430 x 322 inaingia, 540 inatosha, kimo kinatosha, utabakiwa na sentimita pembeni za kuweka mabano. Kori yake ni nyembamba kidogo kwa upana kuliko uliyonayo ila ikiwa ya unene wa 34 unakuwa umefidia.

Kitu cha muhimu kuliko vyote USIIFUNGE MOJA KWA MOJA KWENYE CHASISI kwa bolti. Chasisi za hizi gari zinajinyonga ukikata kona, rejeta ikiwa imebanwa pande nne inajinyonga nayo, na hapo ndo mishono inaachia. Nashuku hata ya kwako iliachia hivyo. Tumia zile raba za duara zenye skrubu pande zote mbili, M6 inatosha, chini ikalie raba na juu ishikwe tu isidondoke.

MtotoWaTanga_UK

Kweli kabisa kaka, ilikuwa imepigwa bolti nne chuma kwa chuma. Sasa nauliza, mfuniko. Rejeta ya sasa ina mfuniko wake juu umeandikwa 13, hiyo ya Polo kwenye picha naona haina mfuniko kabisa. Maji nitajazia wapi?

Msee_wa_Grogan

Hiyo 13 ni pressure, psi, karibu 0.9 bar. Polo mfuniko yake iko kwa ile tanki ndogo ya plastiki ya pembeni, si kwa rejeta. So utahitaji tanki ya kuweka juu, na iwe juu kuliko kila kitu kwa system, juu kuliko hata kichwa ya engine, otherwise hewa itajificha kwa head na geji itakudanganya. Kwa gari kama yako rejeta imelala chini huko kwa pua, kwa hivyo hiyo tanki iweke kwa ukuta wa nyuma wa engine bay, hapo karibu na miguu yako, na utoe kamrija kadogo kutoka pahali pa juu ya rejeta iende huko kwa tanki, hewa ikipatikana inajitoa yenyewe.

Na usicheze na hiyo mfuniko. Watu hudhani ni kifuniko tu cha kuzuia maji isimwagike. Hapa kwetu juu ya mlima maji ikiwa kwa sufuria huchemka kama nyuzi 94 hivi, Mombasa ni 100. Ukiongeza 1 bar ya mfuniko huko chini baharini inaenda mpaka 120 ndio ichemke. Sasa springi ya mfuniko ikichoka na ishikilie kidogo tu, engine iko sawa, rejeta iko sawa, na maji inachemka. Nimeona mtu ameuziwa head gasket na shida ilikuwa mfuniko ya shilingi mia tano.

chuma_cha_pua

Ok nimewaelewa wazee. Ila swali, kwa nini asiweke maji matupu tu? Maji yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, hilo mtanikatalia?

BabaZuwena_Leicester

Hatukukatalii, ni kweli maji matupu yanabeba joto zaidi ya mchanganyiko. Ila uko wapi mwenzetu? Huku Januari gari ikilala nje maji yanaganda ndani ya injini, barafu inatanuka, unaamka unakuta zile plagi za bati za kwenye bloku zimesukumwa nje, hapo zimekuokoa, siku ukikosa bahati bloku yenyewe inapasuka. Nusu kwa nusu inakufikisha kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Na kulanti ina dawa ya kutu, hata huko Dar ambako hakugandi, kichwa cha chuma na rejeta ya alumini ukiviwekea maji ya bomba vinaliana taratibu.

Mtanga wewe ukishafunga rejeta mpya angalia kopo, usichanganye ya kijani iliyobaki na zile nyekundu za muda mrefu, mwaga yote, suuza mpaka yatoke masafi. Hizo nyekundu wenye rejeta za zamani za shaba wanaziogopa kwa ajili ya solda yao, kwako haikuhusu.

BintiMsumari

Naona mmeongea mabomba tu, umeme hamjaugusa 😅 Mimi niko Mombasa, umeme wa magari ndio ugali wangu.

Kaka wa Tanga, hiyo feni ya mbele itupe. Feni ya kuvuta iliyo nyuma ya rejeta ni bora kwa sababu ya mbele hata ikiwa imezimwa inakaa njiani mwa upepo. Una kina cha 130, kori 34 ukiwa umeisukuma mbele kidogo, feni nyembamba zipo za milimita 50 na kitu, Spal wanazo na wengine, tafuta ya inchi 11 au 12 yenye bakuli lake linalofunika uso wa kori, si feni tupu. Na hakikisha ni ya kuvuta. Ukikuta umenunua ya kusukuma, ukigeuza nyaya itazunguka kinyume ila mabawa yake yamekunjwa kwa ajili ya upande mmoja, itapiga kelele nyingi na kazi kidogo.

Umeme wake usiupitishe kwenye swichi. Weka rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), nyaya nene kutoka betri, fyuzi ya 20 karibu na betri, swichi ya joto iiamshe rilei tu. Nyingi ya hizo rejeta za VW zina tundu la swichi lenye meno ya M22 x 1.5, na swichi za nyuzi 92 kuwaka na 87 kuzima zinapatikana kirahisi. Ukikosa tundu, kuna vipande vya alumini vya kukatia kwenye mpira wa juu ukaweka swichi humo, ila hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: swichi ya pini moja inategemea chuma ipate ati (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), na kile kipande kimekaa katikati ya mipira miwili, ati itaitoa wapi? Tumia ya pini mbili, moja iende kwenye rilei nyingine kwenye hasi ya betri.

Na kabla ya kuwasha injini pima kwa mita ya volti. Waya hasi wa mita uweke kwenye hasi ya betri, ule chanya uchovye kwenye kulanti bila kugusa chuma, feni ikiwa inazunguka na taa zimewashwa. Ikizidi sehemu ya kumi ya volti kuna ati mbovu mahali na umeme unatafuta njia kupitia maji yako, alumini itatobolewa hata iwe mpya vipi. Gari za bodi ya faiba zina ugonjwa huu sana, kila kitu kinahitaji waya wake wa ati.

MtotoWaTanga_UK

Dada hiyo ya mita nimeijaribu usiku huu huu kwenye rejeta ya sasa, feni ikiwaka inasoma karibu nusu volti. Feni ilikuwa imepata ati kwenye bolti ya rejeta yenyewe 🙆🏾‍♂️

BintiMsumari

Basi hapo usishangae kama ukiipasua hiyo ya zamani utakuta vibomba vimeliwa kama mbao ya mchwa. Vuta waya mmoja mnene kutoka feni mpaka hasi ya betri, usipitie popote.

MtotoWaTanga_UK

Wakuu mrejesho. Nimeenda na namba ya katalogi kama Baba Zuwena alivyosema, kijana wa kaunta hakuuliza kitu, kaingiza namba, kesho yake ikafika. Ya mbadala, 430 x 322 x 34, mabomba yote mawili upande mmoja, nimechungulia na tochi kizuizi kipo ndani. Imeingia kati ya vyuma na bado kidole kinapita kila upande, raba za M6 nimeshafunga, mabano nimekata kwenye alumini ya L. Bati za kuziba upepo nimekata kwanza kwa kadibodi ndo nikahamishia kwenye alumini, hapo Msee wa Grogan kadibodi yako imenisaidia. Tanki nimepata la plastiki la gari lingine, mfuniko wake ni wa bar 1, limekaa juu ya miguu ya abiria.

Mipira ndo kidogo imesumbua, mdomo wa injini 38 na wa rejeta 32, nikanunua mpira wa silikoni wa kupunguza na kiunganishi cha alumini chenye ukingo uliovimba. Mpira wa chini nimechukua wenye springi ndani.

Bado sijaweka maji. Naombeni utaratibu wa kujaza maana nasikia hizi gari zina tabia ya kuficha hewa.

Fundi_Gerezani

Safi sana. Sasa fanya hivi. Gari likae mahali tambarare ili tanki libaki juu kuliko vyote. Fungua hita iwe upande wa moto kama ipo. Fungua mpira wa juu upande wa injini, jaza tanki taratibu mpaka uone maji yanatokea hapo bila mapovu, rudisha mpira, bana. Weka maji matupu kwanza kwa ajili ya kujaribu, kulanti ni ghali ukiwa na klampu iliyosahaulika utaimwaga sakafuni. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, minya minya mipira yote kwa mkono, mapovu yatakuwa yanapanda kwenye tanki unaongeza. Subiri thamostati ifunguke, ya Pinto ni nyuzi 88 hivi, utajua kwa sababu mpira wa juu utapata joto ghafla. Kama injini ni ya moto na mpira wa chini ni wa baridi kabisa, zima, bado kuna hewa.

Funga mfuniko, iache isimame hapo hapo bila kutembea mpaka feni iwake na kuzima yenyewe, iwake tena izime tena. Ikifanya hivyo bila geji kupanda zaidi, upepo wako umekaa sawa. Ndo uimwage yote ikiwa imepoa, uweke kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini (distilled), siyo ya bomba.

Mfuniko usiufungue ukiwa wa moto hata kama una haraka ya kuja kutupa majibu hapa.

Msee_wa_Grogan

Na picha bado hatujaona!!